Majivu ya England na Australia: kijungu kisichohama na sare yenye mshindi

Jumapili ya tarehe 23 Julai 2023 mvua ilinyesha Manchester kutwa nzima. Katika uwanja wa Old Trafford (ule wa kriketi, si ule wa Manchester United) hakukurushwa mpira hata mmoja, na jioni mechi ikatangazwa sare. England walikuwa wamepata mikimbio 592 (ndizo alama za kriketi) katika zamu yao ya kwanza. Australia, waliokuwa wakipiga kwa mara ya pili, walikuwa bado nyuma kwa 61 na nusu ya wapigaji wao walikwisha kutoka. Dalili zote zilionyesha kwamba kama si ile mvua England wangeshinda. Walioondoka na furaha, hata hivyo, ni Australia, na kesho yake magazeti yakaandika kwamba wamebaki na Majivu. Wiki iliyofuata England wakashinda mechi ya mwisho, matokeo ya jumla yakawa 2-2, na bado Majivu hayakwenda kwao.

Mtu aliyekulia kwenye soka hapo ndipo kichwa kinapomuuma. Sare gani yenye mshindi? Majivu ya nini? Na mbona kila baada ya miaka miwili jina hilo, The Ashes kwa Kiingereza, linajitokeza kwenye mikeka ya kubashiri na habari za michezo kana kwamba kila mtu analielewa?

Fundo lote linafunguka ukishika jambo moja: Majivu hayagombewi upya kila mara kama Kombe la Dunia. Yana mwenyewe. Wapenzi wa ngumi watalielewa hili haraka kuliko wapenzi wa mpira. Bingwa mwenye mkanda akipigana na mpinzani na majaji wakatoa sare, mkanda haukatwi vipande viwili wala hauachwi juu ya meza. Unabaki kiunoni mwa bingwa, kwa sababu anayeutaka ndiye anayepaswa kumshinda aliyenao. Majivu ni hivyo hivyo. England na Australia hukutana kwa mfululizo wa mechi, kwa kawaida tano, na asiye nayo lazima ashinde mfululizo. Mwenye nayo anatosheka na sare.

Mfululizo huo huchezwa takriban kila baada ya miaka miwili, kwa zamu: safari hii England, kati ya Juni na Agosti, safari nyingine Australia, kuanzia Novemba hadi Januari, maana kiangazi cha huko ni wakati huo. Hadi Januari 2026 walikuwa wamekutana katika mifululizo 74. Australia wameshinda 35, England 32, na 7 ilikwisha sare. Ni utani wa jadi kama wa Simba na Yanga, tofauti ni kwamba huu una umri wa karibu karne moja na nusu na unavuka bahari.

Kriketi kwa asiyeijua

Aina ya kriketi inayochezwa hapa ndiyo ndefu kuliko zote, nayo huitwa Testi. Timu mbili za watu 11 hupambana kwa muda usiozidi siku tano, na kila timu ina zamu mbili za kupiga. Katikati ya uwanja kuna ukanda wa ardhi ulioshindiliwa, pichi, wenye urefu wa mita 20.12. Kila mwisho wake vimesimamishwa vijiti vitatu vyenye kimo cha sentimita 71, na juu ya vijiti hivyo vimelazwa vipande viwili vidogo vya mti, beili. Vijiti pamoja na beili ndiyo wiketi. Neno hilo hilo hutumika pia kumhesabu mpigaji aliyetolewa, kwa hiyo ukisikia timu imepoteza wiketi tano, wapigaji watano wamekwisha kurudi bandani.

Wapigaji huingia wawili wawili, kila mmoja na gongo lake (la mbao bapa, si lile la kunywa). Mrushaji anakimbia na kurusha mpira mgumu wa ngozi, wenye uzito wa gramu 160 hivi, bila kukunjua kiwiko wakati wa kuuachia. Mirusho sita ni ova moja, na siku ya Testi imepangiwa ova 90. Mpigaji akiupiga mpira, yeye na mwenzake wanabadilishana ncha za pichi mbio, na kila safari inayokamilika ni mkimbio mmoja. Mpira ukivuka mpaka wa uwanja ukiwa umegusa chini ni mikimbio 4, ukivuka angani ni 6. Mpigaji anatolewa mpira ukiangusha beili zake, au ukidakwa hewani baada ya kugusa gongo, au ukimgonga mguuni mahali ambapo ungeenda kugonga vijiti, au beili zikiangushwa wakati yeye yuko nje ya mstari wake. Hili la mwisho liweke akilini, tutalirudia, kwa sababu ndilo lililoanzisha ugomvi mwaka 1882 na ndilo lililouamsha tena mwaka 2023.

Timu ina wapigaji 11, lakini lazima wawe wawili uwanjani, kwa hiyo wiketi 10 zikianguka zamu imekwisha. Matokeo huandikwa mikimbio kwanza: 214/5 ni mikimbio 214 kwa kupoteza wiketi 5. Ukisoma gazeti la Australia utakuta 5/214. Hawajakosea, wao huanza na wiketi.

Sasa jambo linalowapoteza wengi: katika Testi, kuwa na mikimbio mingi zaidi hakukupi ushindi. Timu inayotaka kushinda inapaswa kuwatoa wapinzani wote katika zamu yao ya mwisho kabla siku ya tano haijaisha. Ikishindwa, mechi ni sare, hata kama inaongoza kwa mikimbio 400. Ni kama mkulima aliyelima vizuri, akapanda vizuri, mahindi yakazaa, halafu mvua ikamkuta hajavuna. England Julai 2023 walikuwa mkulima huyo.

Kwa sababu hiyo nahodha anaruhusiwa kufunga zamu ya timu yake mwenyewe ingawa bado ana wapigaji. Anafanya hivyo kujipatia muda wa kuwatoa wenzake. Akichelewa kufunga, muda humwishia. Akiwahi mno, anawapa wapinzani lengo wanaloweza kulifikia. Katika mechi ya kwanza ya mwaka huo huo wa 2023, uwanja wa Edgbaston, nahodha wa England Ben Stokes alifunga zamu siku ya kwanza kabisa wakiwa 393/8. Watu walimshangilia kwa ujasiri. Siku ya tano Australia wakashinda kwa wiketi 2.

Kauli "kushinda kwa wiketi" nayo inahitaji tafsiri. Timu inayopiga mwisho ikifikia lengo, ushindi wake huhesabiwa kwa wiketi zilizobaki bila kuanguka. Timu inayotetea lengo ikiwatoa wapigaji wote, ushindi huhesabiwa kwa mikimbio walioachwa nyuma. Desemba 2025 Australia walipoishinda England kwa mikimbio 82 mjini Adelaide, maana yake England waliishia mikimbio 82 nyuma, wiketi zote zikiwa chini.

Tanzia iliyoandikwa kwa utani

Timu hizi zilikutana katika Testi ya kwanza kabisa duniani, Melbourne, Machi 1877, na Australia wakashinda kwa mikimbio 45. Kwa hiyo si kweli, kama wengi wanavyosimulia, kwamba mwaka 1882 ndiyo mara ya kwanza England kufungwa. Kilichotokea mwaka huo ni kwamba walifungwa nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, koloni likaja mpaka London likamchapa bwana wake uani kwake.

Ilikuwa mechi moja tu, uwanja wa Oval, tarehe 28 na 29 Agosti. Australia walipata 63, England 101, Australia 122. England wakahitaji mikimbio 85 tu kushinda. Walifika 51 wakiwa wamepoteza wiketi 2, na hesabu ilionekana imekwisha. Mrushaji wa Australia, Fred Spofforth, hakukubali. Aliwatoa watu 7 katika zamu hiyo, jumla 14 kwa mechi nzima, England wakaishia 77. Walishindwa kwa mikimbio 7 tu.

Mpigaji wa England aliyebaki upande wa pili wa pichi wakati mwenzake wa mwisho anatolewa, akiwa hajapata mkimbio hata mmoja, aliitwa Charles Studd. Jina hilo linafahamika vizuri zaidi kaskazini mashariki mwa Kongo kuliko katika viwanja vya kriketi. Studd aliacha mchezo, akawa mmisionari China, kisha India, na hatimaye Kongo ya Wabelgiji, ambako alifariki Ibambi mwaka 1931. Ndugu zetu wa huko waliosikia habari za mzee yule huenda hawakuambiwa kwamba alikuwapo uwanjani siku Majivu yalipozaliwa.

Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, gazeti la The Sporting Times likachapisha tanzia ya mzaha iliyoandikwa na Reginald Shirley Brooks. Ilisema kriketi ya Uingereza imefariki Oval tarehe 29 Agosti 1882, ikililiwa na jamaa na marafiki wengi, na mwisho ikaongeza kwamba maiti itachomwa na majivu kupelekwa Australia. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Amekwisha kuona watani wakifika msibani, wakalala kwenye nafasi ya marehemu, wakadai urithi, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Brooks alifanya utani wa namna hiyo juu ya msiba wa taifa lake. Na kwa nini majivu, si kaburi? Kwa sababu kuchoma maiti ulikuwa mjadala mkali Uingereza wakati ule. Watu walizika, na mahakama ilikuja kutamka kwamba kuchoma si kosa mwaka 1884. Mzaha ulipanda juu ya habari iliyokuwa midomoni mwa watu.

Miezi michache baadaye nahodha Ivo Bligh aliongoza timu ya England kwenda Australia, akisema anakwenda kuyarudisha hayo majivu. Alipoteza mechi ya kwanza, akashinda mbili zilizofuata. Katika safari hiyo, kwenye jumba la Rupertswood huko Sunbury, karibu na Melbourne, wenyeji wake walimpa kijungu cha udongo wa kuchoma, kimo chake hakifiki sentimita 11. Ni kidogo kuliko glasi ya kawaida ya maji. Ndani yake, kwa simulizi inayoaminiwa na wengi, mna majivu ya beili iliyochomwa. Mwaka 1998 mkwe wa Bligh, akiwa na umri wa miaka 82, alisema ni majivu ya shela. Mwalimu wa muziki katika jumba lile, Florence Morphy, aliolewa na Bligh mwaka 1884, kwa hiyo kijungu hicho kwao kilikuwa kumbukumbu ya mapenzi kabla ya kuwa kitu cha michezo. Kiliwekwa nyumbani miaka yote, na Bligh alipofariki mwaka 1927 mjane wake akakitoa kwa klabu ya MCC, wenye uwanja wa Lord's jijini London.

Hapo pana kosa jingine la kusahihisha. Kijungu hicho si kombe na hakijawahi kuwa kombe. Hakipokezanwi. Australia wakishinda mara tano mfululizo, chenyewe kiko pale pale kwenye jumba la makumbusho la Lord's, kwa sababu ni kizee, ni chepesi kuvunjika, na ni zawadi ya mtu binafsi iliyokabidhiwa klabu. Kimepelekwa Australia kutazamwa tu, mwaka 1988, msimu wa 2006–07, na tena mwaka 2019. Kile ambacho nahodha huinua mbele ya kamera ni nakala. Tangu msimu wa 1998–99 mshindi hupewa pia kombe la kioo cha Waterford lenye umbo la kijungu, baada ya Waaustralia kulalamika kwa miaka mingi kwamba wanashinda kitu wasichokiona. Kwa haki, lalamiko lao lilikuwa na msingi.

Mstari ule mweupe

Turudi kwenye kutolewa ukiwa nje ya mstari. Katika mechi ile ya Oval mwaka 1882, kijana wa Australia aitwaye Sammy Jones alikamilisha mkimbio wake, akadhani mpira umekwisha kazi, akatoka mstarini kwenda kusawazisha kijishimo kwenye pichi kwa gongo lake. W. G. Grace, mchezaji maarufu kuliko wote wa England wakati huo, alikuwa na mpira mkononi. Akaangusha beili, akadai Jones ametoka. Mwamuzi akakubali. Kwa sheria Grace alikuwa sahihi. Kwa desturi, Waaustralia waliona wamefanyiwa ujanja, na Spofforth aliingia kurusha katika zamu ya mwisho akiwa amewaka hasira. Utani wote huu, tanzia, kijungu na kombe la kioo, una mzizi wake katika hasira hiyo.

Julai 2023, siku ya tano ya mechi ya Lord's, Jonny Bairstow wa England aliinama kuukwepa mpira, akauacha upite kwa mlinda wiketi (mdakaji anayesimama nyuma ya vijiti), halafu akatoka mstarini kwenda kuzungumza na mwenzake. Alidhani mpira umekufa. Mlinda wiketi wa Australia, Alex Carey, alikuwa tayari ameurusha. Ukagonga vijiti, Bairstow akatolewa. Uwanja ukalipuka. Wachezaji wa Australia walipopita ndani ya chumba cha wanachama wa MCC kwenda mapumzikoni, wazee waliovaa tai waliwazomea na kuwatolea maneno, na klabu ikaomba radhi na kuwasimamisha baadhi ya wanachama. Mawaziri wakuu wa nchi zote mbili wakaingia katika mabishano. Australia walishinda mechi hiyo kwa mikimbio 43.

Waliomtetea Bairstow walisema "roho ya mchezo" imevunjwa. Sheria, hata hivyo, iko wazi: mpira haufi kwa sababu mpigaji ameamua umekufa. Unakufa ukiwa umetulia mkononi mwa mlinda wiketi au mrushaji, au pande zote mbili zikiwa zimeacha kuuchezea. Carey aliurusha mara tu alipoudaka, kwa hiyo haukuwa umetulia. Ajabu ni kwamba waliopiga kelele mwaka 2023 ni warithi wa Grace, na waliosema "sheria ni sheria" ni warithi wa Jones.

Msimu uliotaka kuvunja urafiki wa nchi mbili

Mwaka 1930 kijana wa Australia, Don Bradman, alikwenda England akapiga mikimbio 974 katika mechi tano. Hakuna aliyewahi kufikia idadi hiyo katika mfululizo mmoja, mpaka leo. England wakakaa chini kutafuta dawa, na nahodha Douglas Jardine akaipata: mipira ya kasi irushwe mifupi, iruke kutoka kwenye pichi ikielekea mbavuni na kichwani mwa mpigaji, na wadakaji wengi wapangwe upande wa miguu yake. Mpigaji alibaki na njia tatu, na zote mbaya. Akijikinga kwa gongo mpira unapaa kwa wadakaji. Akipiga kwa nguvu anadakwa mbali. Akiacha, unamgonga mwilini. Wakati huo hapakuwa na kofia ngumu. Mbinu hii iliitwa Bodyline.

Msimu wa 1932–33 Jardine aliitumia Australia, silaha yake kuu ikiwa Harold Larwood, kijana aliyetoka machimbo ya makaa ya mawe huko Nottinghamshire. Mjini Adelaide, Januari 1933, mpira wa Larwood ulimgonga nahodha wa Australia Bill Woodfull kifuani karibu na moyo. Mlinda wiketi Bert Oldfield akapasuka fuvu, ingawa mwenyewe alisema lilikuwa kosa lake. Woodfull alimwambia kiongozi wa msafara wa England kwamba uwanjani kuna timu mbili na moja tu ndiyo inayocheza kriketi. Bodi ya Australia ikatuma simu ya maandishi London ikitumia neno zito: si uanamichezo. Serikali zikalazimika kuingilia.

Kimatokeo dawa ilifanya kazi. Wastani wa Bradman, ambao kwa maisha yake yote ni 99.94, ulishuka hadi 56.57, na England walishinda 4-1. Husemwa sana kwamba Bodyline ilikuwa kinyume cha sheria. Haikuwa. Ndiyo maana sheria ilibidi ibadilishwe. Leo wadakaji wasiozidi wawili wanaruhusiwa kusimama nyuma ya mpigaji upande wa miguu, na mrushaji hawezi kurusha mipira ya juu ya bega zaidi ya miwili katika ova moja.

Baada ya hayo wakubwa wa kriketi ya England walimtaka Larwood aombe radhi. Akakataa, kwa hoja kwamba alifanya alichoagizwa na nahodha wake. Hakuichezea England tena. Mwaka 1950 alihamia na familia yake Australia, kwa watu aliowagonga mbavu, nao wakampokea vizuri. Alifariki Sydney mwaka 1995.

Kwa nini mgeni huteseka

Ukitazama matokeo ya miaka ya karibuni utaona mgeni hupata tabu sana, hasa England wakiwa Australia. Baada ya ushindi wao wa Januari 2011 mjini Sydney, walikaa karibu miaka 15 bila kushinda hata mechi moja huko. Kelele za mashabiki si sababu kubwa. Sababu iko kwenye mpira na ardhi.

England hutumia mpira aina ya Dukes, ulioshonwa kwa mkono, mshono wake umeinuka na hukaa hivyo kwa muda mrefu. Upande mmoja wa mpira ukisuguliwa ung'ae na mwingine ukaachwa uparuze, hewa hupita pande hizo kwa namna mbili tofauti, na mpira hupinda ukiwa angani. Mawingu ya England na nyasi laini huongeza hali hiyo. Australia hutumia Kookaburra, ambao mshono wake hulala mapema. Hupinda kwa ova chache za mwanzo, kisha unanyooka, na mrushaji asiye na kasi kubwa anakuwa mtu wa kulisha wapigaji. Ardhi ya Perth na Brisbane ni ngumu, mpira unaruka juu kuliko mpigaji wa England alivyozoea, na jua linapasua pichi siku zinavyokwenda. Timu inayorusha inaweza kudai mpira mpya baada ya ova 80, na mechi nyingi huamuliwa na saa moja inayofuata hapo.

Pichi yenyewe ikikosewa, kila kitu huharibika. Desemba 2025 mtunza uwanja wa Melbourne aliacha nyasi za milimita 10, akihofia joto la siku za mwisho. Nyasi nyingi hufanya mshono ung'ate na mpira ukatike ovyo ovyo. Wiketi 20 zikaanguka siku ya kwanza, mechi ikaisha siku ya pili, England wakashinda kwa wiketi 4, na wenye tiketi za siku ya tatu wakarudishiwa fedha. Mwezi mmoja kabla, mechi ya Perth nayo ilikwisha kwa siku mbili, lakini huko Travis Head aliamua mambo mwenyewe: Australia walihitaji 205, yeye peke yake akapiga 123. Mfululizo huo ulikwisha Australia 4, England 1. Majivu yalikuwa yamekwisha kuamuliwa Adelaide, katika mechi ya tatu.

Desturi nyingine ni za kupita tu. Kuna mapumziko ya chakula ya dakika 40 na ya chai ya dakika 20, kila siku. Mechi ya Melbourne huanza tarehe 26 Desemba mbele ya watu wanaoweza kuzidi 90,000, na ya Sydney hufuata mwanzoni mwa Januari, ikiwa na siku ambayo uwanja mzima huvaa waridi kuchangia wagonjwa wa saratani ya matiti. Mashabiki wa England wanaosafiri hujiita Barmy Army, jina lililotokea msimu wa 1994–95. Huimba hata wanapofungwa, na huko Australia wamepata nafasi nyingi za kuimba hivyo.

Si kila England na Australia ni Majivu

Hapa ndipo wabashiri huungua. Timu hizi zikikutana katika mechi za siku moja au za ova 20, Majivu hayamo. Hata Testi si zote: mwaka 1977 Melbourne waliadhimisha miaka 100 ya Testi kwa mechi moja isiyohusu Majivu (Australia wakashinda kwa mikimbio 45, sawasawa na 1877), na msimu wa 1979–80 walicheza mechi tatu ambazo England walikataa kuyaweka Majivu rehani. Upande wa wanawake hesabu ni nyingine. Tangu 2013 pointi hujumlishwa kutoka aina zote tatu za mchezo: Testi moja ina pointi 4, kila mechi fupi pointi 2. Mapema 2025 Australia walizoa zote, 16-0. Wanawake wana majivu yao pia, yaliyochomwa Lord's mwaka 1998 na kuwekwa ndani ya mpira wa mbao.

Sisi nasi tuna kauzi kembamba katika kitambaa hiki. Derek Pringle, aliyekwenda Australia na timu ya England msimu wa 1982–83, alizaliwa Nairobi. Baba yake, Don, aliichezea timu ya Afrika Mashariki, iliyounganisha wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, katika Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1975.

Atakayetaka kutazama safari ijayo ajue saa. Testi za England huanza saa tano asubuhi ya kwao, ambayo majira yao ya joto ni saa saba mchana kwa Afrika Mashariki, na huisha kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Za Sydney na Melbourne huanza saa nane na nusu za usiku wetu. Machi 2027 imepangwa mechi moja Melbourne ya kuadhimisha miaka 150. Hiyo ni sherehe, Majivu hayamo. Yatarudi mezani miezi michache baadaye huko England, mechi tano, na Australia wataingia wakihitaji sare tu.